Kupanda Ufa wa Mwamba Mrefu Tabora: Kamba, Kabari na Mwili Wako

Ufa haushikwi kama tawi la mwembe. Ufa hujazwa. Mkono huingia ukiwa mwembamba, hunenepa ukiwa ndani, na hapo ndipo unapoanza kukubeba. Aliyeelewa hivyo atamaliza mita 40 za mwamba akiwa bado na pumzi. Anayejivuta kwa vidole kwenye ukingo wa ufa ataishiwa nguvu kabla ya mita ya 10, hata kama mikono yake ni ya mbeba magunia.

Mwongozo huu ni wa miamba ya matale, ambayo wengi huiita graniti, ile inayochomoza katikati ya miombo na mashamba ya mkoa wa Tabora, hasa upande wa Nzega na Igunga. Tunazungumzia upandaji wa jadi: anayetangulia huweka kinga yake, yaani kabari na vifaa vingine vya kushikilia kamba, ndani ya ufa kadiri anavyopanda, wa pili huing'oa akimfuata, na mwamba hubaki kama ulivyokutwa, bila tundu wala msumari. Wenzetu wa Kigoma watafaidika na sehemu ya mbinu, ila mawe yao ya kando ya ziwa ni ya tabaka. Jiwe la mchanga likilowa hupoteza nguvu, na kabari iliyoshika juzi inaweza kung'oka na kipande cha ukuta leo. Huko subirini jiwe likauke hadi ndani.

Ili tuelewane, tuchukue ufa wa mfano: mita 40, wima, unaanza na upana wa vidole kwa mita 8, unapanuka kuwa wa kiganja kwa mita 15, unapita chini ya paa dogo la mwamba, kisha unakuwa wa ngumi na hatimaye mpana kuliko ngumi hadi karibu na kilele. Ufa wa aina hii si wa kujifunzia. Kabla yake uwe umeweka kabari zisizopungua 100 ukiwa umesimama chini, kila moja ukiitundikia utepe na kuikanyaga kwa uzito wako wote ili uone inafanya nini.

Kabla ya kugusa mwamba

Anza kwa mtendaji wa kijiji. Baadhi ya miamba ni mahali pa matambiko, na wazee wakisema huu haupandwi, haupandwi. Mwamba ukiwa ndani ya hifadhi ya msitu, ruhusa inatoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu.

Halafu nyuki. Tabora ni nchi ya asali, na nyuki wasiopata mzinga wala mti wenye pango huhamia kwenye nyufa. Hatari hii ni kubwa kuliko kuanguka, kwa sababu aliyeanguka hudakwa na kamba, ila kamba hiyohiyo humfunga asiweze kuwakimbia nyuki. Kaa mita 30 kutoka kwenye mwamba, asubuhi jua likishapasha jiwe moto, na uangalie ufa wote kwa darubini kwa dakika 20. Kundi linaloishi humo litaonekana kwa msururu wa kuingia na kutoka sehemu moja. Dalili nyingine ni michirizi ya rangi ya kahawia chini ya tundu na vipande vya nta kwenye nyasi. Ukiona hivyo, ondoka. Usiwafukize moshi ili upande, maana unaharibu mali ya nchi, na moshi ukiisha wewe bado uko juu. Siku ya kupanda usijipake manukato.

Kama nyuki wametokea ukiwa juu, mshika kamba, yule mwenzako aliyeko chini, akushushe mara moja bila mashauri. Mwiba uliobaki kwenye ngozi hutoa harufu inayowaita wengine, kwa hiyo ukifika chini kimbia kwanza, kisha ikwangue miiba haraka kwa ukucha au kadi. Uso au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, hiyo ni safari ya hospitali, hata kama umeumwa mara moja tu.

Angalia pia viota vya nyigu chini ya mapaa, na nyoka kwenye majani makavu ya shinani. Madoa meupe yanayotiririka kutoka kwenye tundu ni mkojo wa pimbi. Yakiwa makavu hayana neno, yakilowa huteleza kama sabuni.

Msimu mzuri ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti. Septemba na Oktoba jiwe huwaka moto, mikono hutoa jasho na vidole huchomoka, kwa hiyo panda alfajiri na uwe chini saa nne asubuhi. Mvua zikianza Novemba, uso wa mwamba hukauka kwa saa chache lakini ndani ya ufa maji hukaa siku mbili au zaidi. Na mnara ulio peke yake juu ya nyika ndio radi inaoutafuta. Ukisikia ngurumo, shuka.

Jiwe lenyewe

Matale huchakaa kwa kumenyeka maganda kama kitunguu. Ganda lililoachana na mwamba huonekana zima kabisa, na huwa na ufa mzuri wa kuvutia nyuma yake. Gonga kwa kiganja. Jiwe zima hulia kidogo na zito. Ganda hulia kama debe tupu. Usiweke kabari nyuma ya ganda linalolia. Sababu utaiona hapa chini, tukifika kwenye nguvu ya kamu, ile kinga ya springi inayotanuka ndani ya ufa.

Mzigo wa vifaa

Usitarajie kuvikuta madukani. Agiza, na usibadilishe. Kamba ya manila, ya katani, au ile ya mafundi wa minara ya simu haivutiki vya kutosha. Mpandaji akianguka mita 5 na kudakwa nayo, mshtuko wote unaishia kwenye kiuno chake na kwenye kabari ya juu, na kimojawapo kitashindwa. Kwa ufa wetu wa mfano:

- kamba 2 za kupandia zinazovutika, unene wa milimita 9.5 hadi 10, mita 60 kila moja
- kabari za kawaida seti 1, vipande 10 au 11
- kamu 12: mbili mbili za ukubwa wa 0.5, 0.75, 1, 2 na 3, ya tatu ya ukubwa wa 2, na moja ya ukubwa wa 4
- tepe zilizoshonwa za sentimita 60, vipande 10, na za sentimita 120, vipande 3
- karabina (pete za chuma zenye mlango, za kuunganishia kamba na kinga) nyepesi 30 na za kufunga 6
- kamba nyembamba ya milimita 7, mita 12, na vipande 2 vya milimita 6 vya mita 1.5
- kwa kila mtu: hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungwa kwenye kamba), kofia ngumu, breki ya kamba, kijiti cha kung'olea kabari, viatu vya kupandia, maji lita 3

Namba za kamu hapa ni za Camalot C4 za Black Diamond. Kampuni nyingine huhesabu vingine, kwa hiyo amini milimita kuliko namba. Ukubwa wa 0.5 huingia ufa wa milimita 20 hadi 33, wa 1 milimita 30 hadi 52, wa 2 milimita 37 hadi 64, wa 3 milimita 51 hadi 88, na wa 4 milimita 66 hadi 114.

Jambo moja kuhusu usafiri, maana huharibu vifaa kimyakimya: usiweke kamba karibu na betri ya gari. Asidi ya betri hula nailoni bila kuacha alama unayoweza kuiona. Kamba iliyopanda pikapu pamoja na betri ya sola, huku hujui kama imemwagika, si kamba tena.

Kabari na kamu

Kabari ya kawaida ni kipande cha chuma chenye waya. Inahitaji ufa unaobana kuelekea chini, kama shingo ya chupa. Itelezeshe kutoka juu hadi ikae, hakikisha pande zote mbili zimelala juu ya jiwe kwa eneo kubwa, kisha ivute chini kwa mkupuo mmoja. Ikigusa kwa nukta mbili tatu za chembe za jiwe, chembe zitavunjika nayo itatoka.

Ufa wa kuta sambamba hauna shingo, na ndiyo maana nyufa za namna hiyo zilisumbua watu miaka mingi, mpaka Ray Jardine wa Marekani alipobuni kamu, zilizoingia sokoni 1978 kwa jina la Friends. Kamu ina mbawa nne zilizochongwa kwa mpindo maalumu. Ukivuta triga zinajikunja. Ukiiachia, springi inazifungua hadi zigote ukuta. Uzito ukija, mbawa hugeuza mvuto wa chini kuwa msukumo wa pembeni, takribani mara mbili ya mvuto wenyewe kwa kila ukuta. Mtu akianguka na kuivuta kwa nguvu ya kilo 500, kila ukuta husukumwa kwa nguvu ya kilo 1,000 hivi. Mwamba mzima hauhisi kitu. Ganda hubanduka, na linaweza kushuka pamoja nawe.

Kamu iliyokaa vizuri imejikunja kati ya nusu na tisa ya kumi ya uwezo wake. Ikijikunja hadi mwisho haitatoka tena, nawe utakuwa umeacha fedha nyingi mwambani. Ikifunguka hadi ncha, mtikisiko mdogo unaiangusha. Mbawa zote nne ziguse, na mpini uelekee kule mvuto utakakotoka: chini na nje kidogo, kamwe si kuchomoza nje moja kwa moja. Halafu kuna kosa linalowapata hata wazoefu: kamu hutembea. Kamba ikiitingisha kila unapopiga hatua, inajisukuma ndani na juu hadi inafika mahali papana na kulegea. Dawa yake ni utepe wa sentimita 60 kati ya kamu na kamba.

Kinga ya kwanza kabisa chini iweze kuvutwa pia kuelekea juu na nje. Kamba ikikazwa na mtu aliyeanguka, hunyooka na kuivuta kinga ya kwanza kutoka ukutani. Ikitoka, ya pili inafuata, na ufa mzima unafunguka kama zipu ya begi. Kamu hufaa hapo kuliko kabari.

Umbali kati ya kinga na kinga unahesabika. Unaanguka mara mbili ya umbali uliopo kati yako na kinga ya mwisho, ongeza ulegevu na mvutiko wa kamba. Uko mita 10, kinga yako iko mita 6: unaanguka mita 8, na kamba inaongeza mita 1.5. Umebakiwa na nusu mita tu ya hewa kutoka ardhini. Kwa hiyo weka ya kwanza kwenye mita 2.5, kisha moja kila mita 1.5 hadi uvuke mita 10. Juu ya hapo unaweza kuachia mita 3 pale ufa unapokuwa rahisi.

Plasta ya mikono

Chembe za matale huchuna ngozi ya mgongo wa kiganja kwa dakika chache. Tumia plasta ya kitambaa ya duka la dawa, upana wa sentimita 4 hivi. Nyoa vinyweleo, kausha mkono, kunja ngumi. Pitisha vipande vinne kutoka kifundo cha mkono, juu ya vifundo vya vidole, kila kimoja kikimfunika mwenzake nusu. Zungushia mashina ya vidole vipande vyembamba. Malizia kwa mizunguko miwili ya kifundo cha mkono. Kiganja chenyewe kiache wazi. Fungua na ukunje ngumi mara kumi: vidole vikianza kufa ganzi umekaza mno, anza upya.

Kujaza ufa

Miguu kwanza, kwa sababu ndiyo inayobeba. Elekeza goti nje, laza kiatu ubavu ili kidole gumba kiwe juu, ingiza mguu ndani ya ufa, kisha rudisha goti juu ya mstari wa ufa. Kiatu hujipinda na kukaza. Simama juu yake kama unavyosimama kwenye kidato cha ngazi. Wengi huingiza mguu ndani mno. Ukisukuma hadi kifundo utapoteza muda kuung'oa, na ukianguka huku mguu umenasa, kifundo kinavunjika. Nusu ya kiatu inatosha.

Mita 8 za vidole: kidole gumba kikiwa chini, ingiza vidole juu tu ya mahali ufa unapobana, kisha shusha kiwiko kuelekea mwamba. Vidole hulaliana na kujifunga kama kufuli. Inauma. Ikiacha kuuma huku unaendelea kuning'inia, shuka ukaangalie kidole.

Kabla ya kufika kwenye kiganja utakutana na kipande kibaya, kati ya sentimita 2.5 na 4: kikubwa kwa vidole, kidogo kwa kiganja. Mtu hukaa hapa akitafuta mshiko mzuri usiokuwepo. Weka kidole gumba upande mmoja wa ufa, banika vidole vingine juu yake, ukubali kwamba ni mshiko wa kupita tu, upite. Kinga ya kipande hiki iwekwe kabla ya kuingia, kutoka kwenye kufuli la mwisho zuri.

Mita 15 za kiganja ndizo raha ya ufa. Vidole vilivyonyooka, gumba juu, ingiza hadi kifundo cha mkono. Kisha kunja gumba ndani kuelekea mzizi wa kidole kidogo. Ile nyama ya shina la gumba inavimba na kugota ukuta, vifundo vinagota ukuta wa pili. Nyoosha mkono, achia uzito uning'inie kwenye mifupa. Kosa la kawaida ni kukaza kila mshiko kwa nguvu zote. Kaza kiasi tu cha kutochomoka, na punguza kila mara hadi ujue kiasi hicho ni kipi. Kosa la pili ni kuchomeka kamu palepale mkono unapotaka kukaa. Iweke sentimita 30 juu au chini ya mshiko ulio bora. Hapa ndipo namba 2 zote tatu zinaliwa, basi usizitumie chini.

Chini ya paa simama, pumua, weka kinga mbili na uzirefushe kwa utepe wa sentimita 120. Bila hivyo kamba itakunjwa na ukingo na kuwa nzito kana kwamba unavuta ndoo kisimani. Au mbaya zaidi, itaingia kwenye ufa wa ukingo na kunasa. Inua miguu juu mapema, karibu na paa, ndipo mkono mmoja uvuke ukingo na kujifunga juu yake. Angalia kamba isipite nyuma ya mguu wako: ukianguka hivyo inakupindua kichwa chini.

Juu ya paa ni ngumi. Ingiza kiganja kilicholala, kunja ngumi ndani, misuli ya pembeni inajaa. Kisha ufa unazidi sentimita 10 na hakuna kiungo kimoja kinachoujaza. Amua upande wa mwili unaoingia kabla ya kuanza, kwa kuwa huwezi kugeuka katikati. Ingiza ule utakaouelekeza mgongo kwenye ukuta uliojitokeza zaidi, na hamishia vifaa vyote kwenye nyonga ya nje. Mkono wa ndani: kiganja kinasukuma ukuta mmoja, bega na mgongo wa mkono vinasukuma wa pili. Mguu wa ndani unajibana ndani kwa paja na goti, wa nje unabana kisigino ukuta mmoja na vidole ukuta wa pili. Kisha ni kazi ya jongoo: kifua kinashika, miguu inapanda sentimita 15; miguu inashika, kifua kinapanda. Kamu ya 4 isukume mbele yako kila baada ya mita moja, lakini acha namba 3 nyuma pale ufa unapobana, ili usitegemee kinga moja.

Aliyeko chini

Mshika kamba asimame karibu na ukuta, si zaidi ya mita 1.5, na mkono wa breki usiachie kamba kwa sababu yoyote, hata ya nyuki. Kubalianeni maneno mafupi yasiyofanana kwa sauti: "Nipe" ni legeza, "Kaza" ni vuta, "Jiwe!" kwa chochote kinachoanguka, "Nimefunga" pale tu anayetangulia amejifunga kwenye nanga ya juu, yaani kinga kadhaa zilizounganishwa pamoja kileleni. Upepo ukivuma, maneno hayafiki. Mivuto mitatu mirefu ya kamba iwe na maana ya "Nimefunga". Mtu aliyezimia akining'inia kwenye hanesi ashushwe upesi, kwani damu hutuama miguuni. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete iko Tabora mjini. Pangeni usafiri kabla ya kuondoka nyumbani, siyo baada.

Kileleni na kushuka

Nanga ni kinga tatu zisizotegemea jiwe moja, zilizounganishwa kwa kamba ya milimita 7 ili zigawane mzigo, pembe kati yake isizidi nyuzi 60. Mti wa juu ya mwamba unaaminika ukiwa hai, mnene kuliko paja, na mizizi imeingia kwenye nyufa badala ya kutambaa juu ya jiwe.

Wa pili anapong'oa kamu, aisukume ndani kidogo kwanza, kisha avute triga na kuitoa kwa njia iliyoingilia. Anayeivuta tu nje huizidishia kunasa.

Kamba moja ya mita 60 haikushushi mita 40, kwa sababu ikikunjwa inafika mita 30 tu. Ndiyo maana mlibeba mbili: mwenye kufuata alipanda nayo mgongoni. Ziungeni, zipitisheni kwenye kitanzi cha kamba nyembamba mtakachokiacha mtini, si kwenye gome, maana msuguano utaula mti na kamba. Funga fundo kubwa kwenye kila ncha ya chini, na funga kipande cha milimita 6 chini ya breki kama mkono wa akiba. Wa kwanza akifika ardhini avute kamba hatua mbili tatu kupima kama inatembea, huku mwenzake bado yuko juu. Ikigoma, wa juu asogeze fundo la kuungia mbali na ukingo. Wote wakiwa chini, fungueni yale mafundo ya ncha kabla ya kuvuta. Likibaki moja, litapanda hadi kwenye kitanzi na kukwama huko.